Mnyororo Kwenye Mlango wa Nyuma

Mama,

Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaichana. Kila nikianza na salamu mkono unakataa, maana siwezi kukuuliza hujambo wakati najua ulipo. Basi naanza na lililo moyoni. Nina hasira na wewe, na nimekukumbuka sana, na vyote viwili vinanijia kwa pamoja, nikiwa nasonga ugali, nikiwa nafagia uwanja, hata nikiwa kanisani.

Nikuambie kwanza yaliyotokea tangu tukuzike. Mengine naamini huyajui.

Siku ya mazishi Mjomba Elia alisimama kusema neno la familia. Mdogo wako uliyembeba mgongoni, kama ulivyokuwa unatuhadithia, ukaacha shule ili yeye asome. Alisimama pale mbele ya jeneza, kofia mkononi, akasema, "Dada yangu alikuwa ameshatoka nje ya ghala linaloungua. Akakumbuka simu yake, akarudi ndani. Mlango wa nyuma ukawa umekwama kwa joto." Watu waliguna. Mama mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, "Simu jamani," na mwenzake akaitikia, "Vitu vya dunia hivi." Nililia kwa aibu, Mama. Siku ile ya kukulilia wewe, mimi nililia kwa aibu.

Neno lile lilitembea Shelui nzima. Pale mgahawani ninapopika chai ya madereva wa malori, watu walikuwa wakinipa pole kisha wanaongeza, "Ndiyo hivyo, simu ilimponza." Nikawa naitikia tu. Usiku nikijiuliza: mwanamke aliyetuzuia hata kuegesha baiskeli nyuma ya mlango wa chumba, angerudije kwenye moto kwa ajili ya simu?

Maana wewe ndiye uliyezichukua sheria za Wafaransa ukazileta mpaka nyumbani. Tangu ile kampuni ya Ufaransa ilipokuja kununua mashudu ya alizeti kwa ajili ya mifugo ya kwao, hatukupumua. Mkaguzi wao, yule mwanamke mliyemwita Madamu, alisema, na Mjomba akatafsiri, kwamba Tanzania ina sheria zake za zimamoto na zifuatwe, lakini wao hawanunui mzigo kutoka ghala ambalo kwao Ufaransa lisingeruhusiwa kufunguliwa. Kwao ghala la vitu vinavyoshika moto lina sheria zake peke yake. Ujengwe ukuta mzito wa kuligawa, moto ukiwaka upande huu usivuke kwenda upande ule. Paa liwe na matundu ya kutolea moshi. Magunia yasiguse ukuta, yasikaribie paa, na katikati ya marundo pawe na njia ya kupita watu. Asiingie fundi wa kuchomelea bila kibali. Na mlango wa dharura ufunguke kwa kusukuma tu kutoka ndani, usitiwe kufuli wakati watu wapo.

Mjomba akiwa msimamizi wa ghala alipelekwa mafunzo Arusha. Aliporudi akakuchagua wewe uwe kiongozi wa usalama wa akina mama wanaoshona magunia. Ulifurahi ukashindwa kuficha. Kwenye mlango wa nyuma walibandika kibao cha kijani chenye picha ya mtu anayekimbia, na chini yake neno la Kifaransa ambalo Madamu alilitamka, ninyi mkalisikia "soti". Mkaanza kuuita mlango ule soti. Jioni ulinifundisha huku unapepeta mtama: "Ukisikia filimbi, acha sindano, acha gunia, acha kila kitu, nenda soti." Nikakuuliza, "Na kanga yangu je?" Ukasema, "Kanga itanunuliwa nyingine." Tulicheka wote wawili. Ulihamisha kuni kutoka ukutani, ukaweka ndoo ya maji karibu na jiko, na Bibi akalalamika kwamba mwanawe amekuwa Mfaransa.

Ndiyo maana habari ya simu haikunikaa.

Wiki chache baada ya mazishi, yule fundi simu wa pale stendi aliniita nikipita. Alikuwa anaogopa, nikaona anavyoangalia chini. Akasema, "Dada Pendo, samahani, sikujua nianzeje. Simu ya mama yako ninayo mimi. Aliniachia asubuhi ya siku ile, kioo kilikuwa kimepasuka." Akaitoa kwenye droo. Ilikuwa yenyewe, na ule uzi mwekundu uliouzungushia. Nilikaa kwenye benchi lake nikaishika. Fundi akaniletea maji.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Salome, yule mliyekuwa mnashona naye gunia moja, wewe upande huu yeye upande ule. Mikono yake bado ina makovu, hawezi kukunja vidole vizuri. Nilimsalimu, nikamwonyesha simu. Aliigeuza kwa viganja. Kisha akasema, "Sikutaka wewe uambiwe na mimi. Ni mjomba wako, na kazi zetu sote ziko mkononi mwake."

Alinieleza. Msimu ulikuwa mzuri, alizeti iliingia kwa malori, na Mjomba hakutaka kukataa mzigo. Njia kati ya marundo zikajaa magunia. Marundo yakapanda mpaka matundu ya moshi yakazibwa. Siku ile akaja fundi kuchomelea reli ya mlango mkubwa wa mbele, mchana, ninyi mkiwa kazini ndani. Cheche zikaangukia vumbi la mashudu na magunia matupu. Ulipuliza filimbi. Akina mama waliacha kila kitu kama ulivyowafundisha, wakakimbilia soti. Wakasukuma. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, ukagoma. Kwa nje kulikuwa na mnyororo na kufuli.

Ufunguo alikuwa nao Mjomba mfukoni, naye alikuwa amekwenda Igunga.

Dereva mmoja wa lori aliyekuwa amepumzika upande wa pili wa barabara ndiye aliyewaokoa. Alirudisha gari nyuma, wakafunga kamba ya kuvutia magari kwenye ule mnyororo, akavuta mpaka mlango ukang'oka pamoja na fremu. Walitoka wakitambaa. Mama Salome alisema wewe ulikuwa nyuma yao wote, unawasukuma mgongoni mmoja mmoja, unawaambia wainamishe vichwa. Alisema mkono wako aliusikia mgongoni mwake. Halafu hakuusikia tena.

Ule ukuta wa Wafaransa ulisimama, Mama. Moto haukuvuka. Magunia ya upande wa pili yalisalimika yote, yakauzwa.

Nilingoja arobaini. Ndugu walikuja kutoka Kiomboi, na hata wale wa Sepuka upande wa Baba. Baada ya sala na chakula, wazee walipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Niliweka simu yako juu ya meza nikasema ilikuwa kwa fundi tangu asubuhi ya siku ile. Nikasema, "Shikamoo Mjomba. Naomba uwaambie watu hawa mlango wa nyuma ulifungwa na nani."

Baba mkubwa akasema, "Pendo, hapa si mahali pake." Mwingine akasema mambo ya ukoo yana utaratibu. Mjomba akanitazama kwa ule upole wake, akasema, "Mwanangu, una uchungu. Mimi ndiye niliyebaki wa kukulea."

Mama Salome akasimama kutoka kwenye mkeka wa wanawake. Akanyanyua ile mikono yake watu waione. "Ulikuwa na mnyororo," akasema. "Sote tuliusukuma."

Mjomba aliinama. Nilidhani atakataa. Akasema, "Watu walikuwa wanaiba. Kila siku gunia linatoka kwa mlango ule. Tajiri mwenye ghala alikuwa ananidai mimi. Ningefanya nini?" Kisha akanyanyua kichwa, akanitazama mimi, si wao. "Na dada alijua. Aliujua mnyororo tangu mwanzo wa msimu. Hata Madamu alipokuja, nikautoa asubuhi, akamuuliza dada yako kama mlango uko hivi siku zote, akasema ndiyo. Siku zote." Alichanganyikiwa mpaka akasema dada yako badala ya mama yako.

Nilimgeukia Mama Salome. Nilitaka aseme huyu anakusingizia. Aliangalia mkeka.

Baadaye aliniambia kwamba wenzako walikuomba. Walikuomba umwambie Madamu, hata kwa siri, hata kwa ishara. Ukawajibu, "Ni mdogo wangu. Akifukuzwa kazi nani atamtunza mama yetu? Nitaongea naye nyumbani." Ukaongea naye nyumbani. Kumbe zile jioni alizokuja, mkakaa nje ya jiko mnanong'ona kwa Kinyiramba, mimi nikidhani mnazungumzia shamba, mlikuwa mnazungumzia mlango. Na kila alipoondoka ulirudi ndani ukaniambia tena kuhusu filimbi, na kuacha kila kitu, na kwenda soti. Ulinifundisha njia ya kutokea ambayo ulijua imefungwa.

Mama, ulikuwaje? Asubuhi ulikuwa unafunga kanga, unakunywa chai yako ya tangawizi, unaniambia nisisahau kuanika mboga, unakwenda kukaa ndani ya jengo lile. Nimejaribu kukuelewa na siwezi. Mjomba alinisaliti kwa kukusingizia ukiwa umekufa. Hilo naliona wazi, naweza kulichukia. Lakini wewe ulichagua kazi ya mdogo wako, na mimi je? Sikuwa mtoto wako? Na Salome, aliyebakia kidogo akose mama, hakuwa mtoto wa rafiki yako?

Siku ile ya arobaini Bibi ndiye aliyefunga mazungumzo. Alimwambia Mjomba, "Alijua akanyamaza kwa sababu alikuamini. Wewe ulimwamini nani?" Mjomba alichukua kofia yake akatoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Madamu alikuja baadaye, safari hii bila kutangaza. Nilimkaribisha kwenye kile kiti chako. Kiswahili chake kimeongezeka kidogo. Alisema, "Nilimuuliza mama yako, akaniambia upo wazi." Nikamwambia, na sijutii, kwamba pale ghalani walikuwa wanatangaziwa siku ya kuja kwake, na mlango hauwezi kujificha lakini mnyororo unaweza. Nikamwambia kama sheria ya kwao inataka kujua ukweli, ije siku isiyongojewa. Aliinamisha uso. Nadhani naye alijiona amesalitiwa, sijui kama na wewe au na nafsi yake.

Wachunguzi waliponiita nilikwenda. Bibi aliniomba nisiende. Aliniambia, "Nimeshamzika mmoja, unataka nimzike na wa pili akiwa hai?" Nilimpigia magoti nikamwambia naenda. Nilieleza habari ya simu, nikaeleza mnyororo, nikaeleza magunia yaliyoziba njia. Kisha yule afisa akaniuliza kama kuna kingine. Ningeweza kunyamaza, Mama. Nilimwambia na lile la kwako pia, kwamba ulijua, na kwamba ulimwambia mgeni mlango uko wazi. Alisita kuandika. Akaniuliza, "Una hakika unataka hili liingie?" Nikasema liingie.

Mjomba yuko mahabusu Singida anangoja kesi. Bibi anamtumia chakula kila wiki kwa basi, na mimi ndiye ninayekipika, kwa sababu macho yake hayaoni tena vizuri moshi ukiwa mwingi. Tunapika bila kuongea. Juzi alisema tu, "Weka chumvi kidogo, Elia hapendi chumvi." Nikaweka kidogo. Sijui ni kwa nini nilitii. Ghala limefunguliwa tena na msimamizi mwingine. Mama Salome hakurudi. Mimi niliitwa kuchukua nafasi yako, nikakataa, nikabaki na chai yangu. Wakinipa pole sasa hakuna anayetaja simu. Hilo angalau nimeliondoa juu yako.

Watu wengine wameanza kukuita shujaa. Mchungaji alisema hivyo Jumapili iliyopita, kwamba ulitoa uhai wako kwa ajili ya wenzako. Ni kweli. Mkono wako ulikuwa kwenye migongo yao. Na ni kweli vilevile kwamba uliwapeleka kwenye mlango uliojua una kufuli. Nimechoka kuombwa nichague moja.

Kwa hiyo nakuaga hivi, Mama, na ahadi yangu ni hii. Nitakapopata watoto nitawasimulia habari zako zote, sitapunguza na sitaremba. Kusamehe sijasamehe, sitakudanganya na hilo, tumeshadanganyana vya kutosha katika nyumba hii. Lakini kaburi lako nitalipalilia. Nitakuja kila mwezi na jembe, nikae, nikugombeze, nilie, nirudi nyumbani kupika. Nikishindwa kukusamehe mwaka huu nitajaribu mwakani. Kuja sitaacha.

Pumzika, Mama yangu.

Mwanao,
Pendo