Takataka si Tupio

Chumbageni, Jumapili asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Naapa leo sitakuficha kitu, hata yale ambayo Mama amesema nisikusumbue nayo.

Ofisi yako ya video ipo bado. Ami Sefu, mdogo wako, ndiye anayeifungua. Kamera anaishika vizuri, ila harusi anazipiga kimya kimya, hajui kuwachekesha watu kama wewe. Mwezi uliopita alishusha leseni ya ile programu ya kuhifadhia video mtandaoni. Aliona kifurushi cha biashara ni cha watu wengi naye kabaki peke yake, akachagua kilicho kidogo. "Tumepungua watu, Zulfa, video ziko palepale," aliniambia. Nami niliamini.

Tulikosea, Baba. Leseni iliposhuka, nafasi ya kuhifadhi ilishuka nayo, na video zako zikawa zimezidi kipimo. Bado zinaonekana, lakini hatuwezi kuongeza hata moja, na ujumbe umekuja kwamba tusipozipunguza hadi Ijumaa, zitaanza kufutwa. Kifurushi cha zamani hakitolewi tena, Ami kashauliza.

Jana tulikaa kupunguza. Tukafuta matangazo ya zamani, kipimo hakikusogea. Kumbe vilivyofutwa huingia kwenye Tupio, na Tupio nalo linahesabiwa. Ujumbe ukasema tumwage Tupio. Ami akaiona folda uliyoiita Takataka, kubwa kuliko zote, akadhani ndiyo hiyo.

"Si hii hapa? Kaka mwenyewe kaiita takataka!"

"Ami, subiri!" Nilipaza sauti mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia.

Nilijua kilichomo. Nilikaa nawe mara nyingi ukikata video. Kila iliposikika sauti yako ulikata, ukisema bwana harusi hakukualika uongee. Vipande hivyo ndivyo ulivyotupia Takataka. Kwenye harusi zilizokamilika husikiki hata neno moja. Uko humo Takataka tu.

Nikafungua kimoja, cha Makorora. Mtoto anakuamkia, nawe unamjibu, "Marahaba, mwanangu, hebu toa kichwa, bibi harusi haonekani!" Ami alicheka, halafu akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Chukua muda wako," akasema.

Muda ndio sina. Nahamishia vipande kwenye diski niliyoazimwa na mwalimu wa kompyuta, na mtandao unajikokota. Nimefika nusu. Wenye harusi tunawapigia simu waje wachukue zao. Tangu ule ujumbe uje situlii darasani, mwalimu ananiita jina mara mbili ndipo nasikia. Lakini nadhani nitawahi. Kweli nadhani.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, hakuna kitakachofutwa chenye sauti yako kabla sijakiweka mahali pangu. Na kila nikikuamkia, nitafungua kile cha Makorora.

Kuna kipande kimoja nimekirudia mpaka nimechoka. Ulikuwa Tongoni, Mama kakupigia simu, nawe umesahau kuzima kamera. Unasema, "Mwambie Zulfa aningoje, nina jambo zuri la kumwambia." Kisha unagundua, unazima. Mama hakumbuki siku hiyo. Mimi sikumbuki kama uliwahi kuniambia.

Nijibu upesi, Baba, kwa njia yoyote uliyonayo. Lilikuwa jambo gani?