Sahani Hairudi Tupu

Jumatatu, 1 Desemba

Nimepika tena asubuhi. Ndizi zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, tende, mayai, maziwa ya unga, njugu za kutwanga. Unga wa dengu badala ya ngano. Mara hii nimeukaanga kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka ukanukia. Wiki iliyopita sikuukaanga, vikeki vyote vikawa na ladha ya dengu mbichi. Bibi alitafuna kimoja kama anatafuna karatasi.

Oveni hatuna. Napalia kama mkate wa kumimina, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko. Moto wa juu ukizidi vinaungua, ukipungua ndani vinabaki uji. Leo vimetoka vizuri. Rangi ya tende.

Bibi ana uvimbe tumboni. Dakta anataka kumpasua lakini mwili wake hauna nguvu ya kuhimili. Kwanza anenepe, amesema. Ale protini. Samaki, nyama, mayai, maharage. Bibi akisikia harufu ya samaki tu anatapika. Yai la kuchemsha hataki hata kulitazama. Vitu vitamu vya matunda, labda, Bibi alisema. Hiyo labda ndiyo kazi yangu sasa.

Skuli nimemaliza, matokeo bado. Wenzangu wameanza kozi za kompyuta. Mama yuko Uroa, anatandika vitanda vya wageni hotelini, anarudi Ijumaa na kuondoka Jumamosi. Siku nyingine zote nyumba ni Bibi na mimi.

Niliweka sahani karibu na dirisha lake nikaenda sokoni Darajani. Niliporudi ilikuwa tupu. Bibi akasema, "Vimekwisha." Nilifurahi mpaka nikaiosha sahani mara mbili.


Jumatano, 3 Desemba

Vimekwisha tena.

Nimetia hiliki kidogo. Bibi kazaliwa Kidichi, kwenye mashamba ya viungo. Nilifikiri harufu ya hiliki itamwita.

Bi Rukia, jirani wa nyumba inayotutazama, ameleta boko boko, ngano iliyopondwa na nyama, kwenye sahani yake ya maua ya buluu. Majirani wote wanaleta, tangu Bibi augue. Yeye hawezi tena ngazi, anakaa dirishani ghorofani na kikapu chake cha kamba. Anakiteremsha uchochoroni, muuza mchicha anatia mchicha, jirani anatia sahani, yeye anavuta. Boko boko alionja kwa ncha ya kidole. Kila cha jirani lazima akionje, hata kama roho haitaki. Anasema mtu akikuuliza umekula, uwe na jibu la kweli. Kilichobaki nimekula mimi.

Nanenepa mimi. Aibu.


Ijumaa, 5 Desemba

Mama amekuja. Mikono yake inanuka dawa ya kufulia. Nilimwonesha sahani tupu ya leo. Alinikumbatia jikoni, akanambia, "Wewe ndiye daktari wa nyumba hii." Sijapata kuambiwa neno kama hilo. Nilitazama chini.

Baadaye Mama alimkogesha Bibi. Alitoka anakausha mikono. Akaniuliza kama kweli anakula. Nikasema ndiyo, kila siku, sahani nzima.


Jumatatu, 8 Desemba

Nimejaribu embe. Embe lina maji mengi, vikeki havikushikana. Nikakausha vipande juu ya paa kwa jua, nimevifunika kwa shashi. Kunguru wamekula nusu. Nusu iliyobaki nimekatakata ndani ya mchanganyiko. Vizuri kabisa. Bibi kasema, "Harufu yake tu, Raya!" na akacheka kidogo.

Sahani tupu. Alhamdulillahi.

Lakini pete yake imevuka kifundo cha kidole yenyewe, imeanguka chini ya kitanda. Nimeitafuta kwa ufagio. Ameifunga kwenye ncha ya kanga.


Jumatano, 10 Desemba

Hospitali. Vijana wawili wa mtaani walimteremsha Bibi kwa kiti. Wamempima. Uzito umeshuka.

Dakta aliniuliza anakula nini. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kila kitu, dengu, njugu, maziwa, mayai. Nilisema tu, "Vikeki." Akanitazama kama mtoto mjinga. Akasema vikeki ni sukari tu. Sitii sukari hata chembe! Sikuweza kusema. Bibi alikuwa kakaa pale, anatazama ukuta. Naye hakusema.

Wamesogeza mbele operesheni. Tarehe hawakutoa. Turudi Jumatatu ya tarehe 22, apimwe tena. Dakta amesema akiendelea kushuka hatamgusa kwa kisu.

Mama alipiga simu. Nimemwambia. Nikasikia mashine za kufulia nyuma yake. Alitaka kuja, lakini ni msimu wa wageni, akiondoka nafasi yake anapewa mwingine. Alisema, "Ongeza mayai, mwanangu."


Alhamisi, 11 Desemba

Nimeongeza mayai. Nimeongeza maziwa. Vikawa vigumu kama kokwa.

Sahani tupu.

Mtu anakula vyote hivi na anazidi kukonda. Basi uvimbe ndio unaokula. Naulisha uvimbe. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.


Jumamosi, 13 Desemba

Mama ameondoka asubuhi. Nilimsindikiza mpaka kituoni. Narudi, Bi Rukia kakaa barazani kwake, anachambua mchele. Kaniita kwa sauti ya uchochoro mzima kusikia.

"Raya! Njoo hapa, mpishi wangu! Jana hukutia embe. Kwa nini hukutia embe?"

Sikuelewa. Nilimwamkia. Alipokea shikamoo yangu na hapo hapo akaendelea. Vile vya embe vilikuwa vitamu kuliko vya mwanzo. Vya juzi vigumu, vimemtia jino mashakani. Bi Zuwena wa mlango wa pili anasema hivyo hivyo. Kila sahani wanayoleta inarudi imejaa vikeki, wanasema Bibi ana mjukuu wa dhahabu.

Nilisimama. Nilisema ahsante. Ahsante! Ndilo neno pekee nililolipata.

Kikapu. Naondoka kwenda sokoni na yeye anateremsha kikapu. Sahani ya mtu hairudi tupu. Amenifundisha mwenyewe nikiwa mdogo, hata kama ni ndimu mbili utie. Na kwenye nyumba hii siku hizi hakuna cha kutia ila vikeki vyangu.

Hakusema hata siku moja kwamba amekula. Alisema vimekwisha. Mimi ndiye niliyemwambia Mama amekula.

Sina hasira. Nataka kuwa na hasira lakini sina. Najiona sina kazi hapa duniani.


Jumapili, 14 Desemba

Nimemwambia. Sikupanga. Nilikuwa namsuka nywele, kwa hiyo sikuona uso wake. Nilisema, "Bi Rukia anasema vya embe vizuri."

Nikaendelea kusuka.

"Sahani za watu, mwanangu. Nitie nini?"

Nikamwambia angenambia, ningepika vya majirani mbali.

"Havipiti," akasema. "Nakitia mdomoni, nakigeuza, hakipiti. Na wewe unanitazama kwa macho yale. Mtu gani atatafuna mbele ya macho yale?"

Nikamwambia sitamtazama tena. Akasema, "Utatazama." Kweli. Nitatazama.

Nywele zimekuwa chache. Msuko mmoja tu, mwembamba kama utambi. Niliufunga kwa uzi.


Jumatatu, 15 Desemba

Upumbavu wangu wa leo. Nimekificha kikapu juu ya kabati na kumwambia kamba imekatika. Nimevipika vikeki vidogo sana, vya kuingia mdomoni mara moja. Nimemwachia. Nimekaa ukumbini na mgongo wangu kwake, kama nilivyoahidi.

Sahani za majirani zimerundikana, moja juu ya nyingine. Bibi alizitazama kutwa. Hakugusa vikeki, hakunywa hata maji. Alasiri akasema taratibu, "Watu watasema nimekula vyombo vyao." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo.

Nimekirudisha kikapu. Nimetia vikeki kwenye kila sahani, mimi mwenyewe, nikaziteremsha. Nimeshindwa.


Jumanne, 16 Desemba

Ndizi zinaoza na sitaki kupika.

Leo Bi Zuwena ameleta uji wa mtama. Nilimwona Bibi anautazama kwa karaha, halafu akachota kijiko. Akameza. Machozi yalimtoka lakini akameza. Kwa sababu Bi Zuwena atauliza.

Kijiko kimoja cha uji wa jirani. Chakula changu hagusi hata chembe.

Nimekaa na jambo hilo mpaka Magharibi.


Jumatano, 17 Desemba

Nimekwenda kwa Bi Rukia. Nimepita mlango wake, nimerudi, nimepita tena. Nilikuwa na bakuli la vikeki chini ya buibui, moto unaniunguza tumbo. Nilipiga hodi kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia. Nikapiga tena.

"Naam! Ingia, nani huyo anayenong'ona?"

Nilimwambia yote nikitazama mkeka. Uvimbe, uzito, dakta, kikapu. Kwamba vile vikeki ni dawa. Kwamba Bibi anaonja cha jirani tu. Nikamwomba avipeleke hivi, kwenye sahani yake, kama kwamba amepika yeye.

Bi Rukia akajipiga kifua.

"Mie nnakula dawa ya mgonjwa? Ndiyo maana kanzu ya Idi imenibana! Mungu wangu, nanenepa mie!"

Akacheka, mimi nikacheka, halafu alikuwa hacheki tena. Alijifuta kwa mtandio. Akasema yeye na Bibi wamepelekeana sahani tangu wakiwa wari na hajaona Bibi akirudisha chombo kitupu hata siku za dhiki. Akalichukua bakuli.

Nikavuka uchochoro kurudi nyumbani. Sijapata kusema maneno mengi hivyo kwa mtu asiye wa nyumbani.


Alhamisi, 18 Desemba

Sahani ya maua ya buluu imepanda kwa kikapu, imefunikwa kawa. Bi Rukia akapiga kelele kutoka chini, "Nimejaribu kupika kama mjukuu wako! Nataka kujua nimekosea wapi!"

Bibi akafunua. Akanusa. Mimi nilikuwa nafagia mahali palipokwisha fagiwa.

Akamega ukingo. Akatafuna muda mrefu mno. Akameza.

Akapiga kelele dirishani, "Hiliki imezidi!" Sauti yake nyembamba lakini ilifika. Chini kikasikika kicheko.

Baadaye alikitapika. Nilimshikia beseni. Kitu kidogo kama ukucha. Sina la kuandika zaidi.


Ijumaa, 19 Desemba

Nimepunguza hiliki. Bi Rukia amevileta. Bibi amekula robo ya kikeki. Imekaa.

Mama amekuja, kaniuliza amekula nini. Nimesema robo. Alingoja niendelee, hakukuwa na zaidi. Robo ndiyo kweli.


Jumamosi, 20 Desemba

Nusu. Imekaa.

Bi Rukia anauliza kila mara kutoka chini, "Umekula?" na Bibi anajibu, "Nusu!" Uchochoro mzima unajua. Muuza mchicha naye kauliza.

Nusu ya kikeki haimnenepeshi mtu. Najua. Skuli tulisoma. Nimehesabu mayai yaliyomo ndani ya nusu na nimeacha kuhesabu.


Jumapili, 21 Desemba

Upepo wa kaskazi dirishani, joto. Bibi alitaka shali.

Sahani ya Bi Rukia ilipanda baada ya Adhuhuri. Vikeki viwili tu, vya embe, nilivyompelekea alfajiri. Nilikaa na mgongo wangu kwake, nachambua njugu. Nilisikia anatafuna, kimya, halafu anatafuna tena. Muda mrefu. Muadhini wa Alasiri aliadhini na yeye bado anatafuna.

Akasema, "Rukia kajifunza lini kukausha embe juu ya paa?"

Mikono yangu ilisimama kwenye njugu. Sikugeuka.

Kisha akaniita nichukue chombo. Sahani ilikuwa nyeupe katikati, maua ya buluu pembeni, hakuna hata chembe. Nilitafuta cha kutia. Jikoni kulikuwa na ndimu moja, imekauka. Nikaichukua, nikaja nayo.

"Wacha," Bibi akasema. "Mrudishie tupu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Tupu. Usiteremshe kwa kikapu. Mpelekee kwa mkono, na usifunike. Akiuliza nimekula, jibu ndilo hilo."

Nimeshuka ngazi. Nimevuka uchochoro na sahani tupu wazi mikononi mwangu, watu wa barazani wakitazama. Sijapata kufanya hivyo maisha yangu. Bi Rukia alifungua mlango. Aliitazama sahani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaibana kifuani.

Kesho tunakwenda kupimwa. Sidhani uzito umepanda. Ni siku chache mno, na ni kidogo mno. Nimekwisha panga nguo zake kitini.

Bibi amelala na shali. Nimeloweka tende za kesho.