Damu ya Robhi

Jumatatu, 4 Machi 2013

Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke Iramba. Nimeponda mawe ya dhahabu hapa machimboni tangu asubuhi. Mkono wa kulia umekufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Damu bado inatoka, wiki ya tatu sasa. Nilijifunga vitambaa viwili na kanga nyeusi juu, nikakaa upande ili isionekane.

Imeonekana. Robhi ameiona. Anakaa jiwe la pili kutoka langu, Mkurya wa Susuni, mdomo kama panga. Angeweza kuniita pembeni. Akapaza sauti, "Mnyiramba ana siku zake tena! Mnashangaa dhahabu imekwenda wapi!" Wanaume wote wakageuka.

Mwiko wa hapa ni huo. Mwanamke havuki kamba iliyozungushiwa duara, yaani shimo lenyewe. Akiwa kwenye siku zake, hata huku chini tunakoponda haruhusiwi kuja. Wanasema dhahabu ikisikia harufu ya damu inajificha. Sote tunaficha siku zetu. Robhi naye anaficha, namjua. Ila mimi yangu haifichiki tena.

Marwa mwenye duara akashuka akichechemea. Kifusi kilimvunja mguu mwaka juzi, nusura kimmalize. Akaniambia nikae nyumbani mpaka nikauke. Kama vile mimi ni nguo kwenye kamba.

Jiwe likikaa bila mtu, linakaliwa na mwingine. Ndiyo desturi. Jiwe lile ndilo linamsomesha binti yangu Neema, yuko kidato cha pili kwa mama yangu kule nyumbani. Nikilipoteza nimekwisha.

Nawachukia wote. Robhi zaidi.


Jumatano, 6 Machi

Nimeanguka chooni. Mwenye nyumba wangu wa Turwa, Bi Zaituni, muuza vitenge, akaniita sijibu. Akavunja mlango. Bodaboda mpaka hospitali, yeye nyuma ananishikilia, mimi katikati kama gunia. Dereva alikuwa analalamika juu ya kiti chake kuchafuka. Nilimsikia vizuri.

Wodi ya wanawake. Wawili wawili kitandani. Mwenzangu anakoroma na kunipiga teke. Nikimrudishia, analala vizuri zaidi.


Alhamisi, 7 Machi

Daktari ni kijana. Amenibonyeza tumbo, akasema kizazi kimejaa uvimbe, mkubwa kuliko ngumi yake. Nikamwambia ngumi yake ni ndogo. Hakucheka.

Kizazi kinatoka. Hakuna njia nyingine, nimechelewa. Lakini kwanza niongezwe damu, niliyobaki nayo haitoshi hata kunichana. Nayo haipo. Ndugu zangu waje watolewe. Nikasema ndugu zangu wako Iramba. Sista, mnene, ana sauti ya mnadani, akasema, "Basi uwaite upesi, au uombe Mungu."

Mume sina. Alishachukua mwingine huko Singida. Karatasi ya kukubali upasuaji nimetia sahihi mwenyewe. Bi Zaituni alikuja kutoa damu, wakamkataa kwa sababu ya presha.

Usiku huu naogopa. Basi.


Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake. Wauguzi wamevaa vitenge vya sare, wameimba nje kwenye jua, wamerudi wodini wamechoka na wakali kuliko jana.

Saa nne akaingia Robhi. Sikuamini. Amebeba nyundo yangu na ndoo yangu, kavitua chini kwa kishindo. Marwa kamtuma aniletee vitu vyangu. Nikaelewa. Jiwe limekwenda. Hakuniambia hata pole. Alisema, "Umekonda kama ndege," akageuka aondoke.

Sista akamzuia mlangoni. "Wewe ndugu yake?"

"Ndugu? Huyu?"

"Anahitaji damu."

"Ana damu nyingi huyo, waulize kule machimboni."

Wodi nzima ikacheka. Mimi nilitamani kumrushia ndoo. Sista hakucheka. Alimtazama Robhi kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema polepole, "Kumbe Mkurya naye anaogopa sindano. Sikujua."

Robhi akakunja mkono wa blauzi pale pale mlangoni. "Sindano iko wapi?"

Sista yule ni Mjaluo. Amekaa na Wakurya miaka mingi, anajua pa kuwagusa.

Wameipima damu yake. Imelingana na yangu. Robhi alikaa kwenye benchi, anakunywa soda aliyopewa, ananitazama kama nimemwibia. Wakati wa kuondoka akaja kitandani, akaniinamia. "Sijakupa. Nimemwonyesha yule mama kwamba siogopi. Usije ukasema nimekupa."

Sikusema asante. Isingetoka.


Jumamosi, 9 Machi

Imeingia. Chupa ya Robhi, na nyingine waliyoipata sijui wapi. Ilikuwa ya baridi mkononi. Niliitazama inavyodondoka nikawaza, mdomo wake wote ule umo humu ndani.

Leo nimemtukana mwenzangu wa kitandani kwa sababu ya teke. Nimemtukana hasa. Labda imeanza kufanya kazi.


Jumatatu, 11 Machi

Ni leo. Sijala. Wameninyoa. Mpira wa mkojo unauma. Sista kamwandika Robhi kuwa ndugu yangu kwa kuwa alitoa damu, kampigia simu aje, maana mgonjwa haendi chumba cha upasuaji bila mtu wake nje. Amekuja. Nilimsikia kwenye korido anagombana, anasema ana kazi, yeye si ndugu, ni jirani wa jiwe tu. Hakuondoka lakini.

Nikifa, Neema asiolewe kabla ya kumaliza shule. Nimeandika.


Jumatano, 13 Machi

Sijafa.

Jana sikuweza kushika kalamu. Tumbo ni kama limechanwa na kushonwa na fundi wa viatu. Kukohoa ni adhabu. Kucheka ni adhabu, bahati nzuri hakuna cha kuchekesha. Maji nimekatazwa mpaka nijambe. Kila daktari anayepita swali lake ni hilo tu. Mtu mzima na digrii yake.

Kikitoka kitu mwilini mwa mgonjwa huwa wanamwonyesha ndugu, ili pasiwe na maneno baadaye. Ndugu ni Robhi. Wakamletea kwenye beseni. Jioni akanieleza bila kuulizwa, "Kama kichwa cha ndama. Ulikuwa unatembeaje na kitu kile, wewe mwanamke?"

Nilidhani nitalia kwa ajili ya kizazi. Sijalia. Kilimzaa Neema na wawili waliozikwa. Kilipomaliza kikanigeukia. Kiende.


Alhamisi, 14 Machi

Nimejamba. Nimekunywa uji. Mengine yote leo yalikuwa mabaya.


Jumamosi, 16 Machi

Marwa amekuja. Mkate, soda mbili, kofia mkononi. Anachechemea katikati ya vitanda huku akisalimia kila mgonjwa kama mgombea udiwani. Hii ndiyo hospitali aliyolala mguu ulipovunjika. Sista mnene alimkumbuka, akamwuliza kama bado analia akiona sindano.

Akakaa. Pole nyingi. Kisha akasema kilichomleta.

Bibi Nyangi, yule mzee aliyekuwa anakaa kwenye kamba akilinda viroba vya mawe vinavyopanda kutoka shimoni, macho yamekwisha. Ameondoka kwenda Nyansurura kwa mwanawe. Kazi ile hufanywa na mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, maana ndiye anaruhusiwa kukaa karibu na duara. Ni kazi ya kukaa kivulini. Hakuna nyundo.

"Sasa wewe huna kitu," akasema. "Umekuwa mwanaume mwenzetu. Njoo ukae pale."

Moyo uliruka, siwezi kudanganya humu. Daktari amekataza kuinua kitu kizito miezi mitatu. Nyundo itanipasua. Kukaa kivulini kungeniokoa mimi na Neema.

Kisha akaongeza sharti. Dhahabu bado haionekani. Niwe jicho lake. Wanawake wanaoponda wamenizoea, nitajua nani yuko kwenye siku zake na anaficha. Nimwambie, amwondoe. "Tunaanza na Robhi. Yule namshuku sana. Wewe utasema tu, mimi nitamaliza."

Anataka jibu Jumatatu nikitoka.


Jumapili, 17 Machi

Nimewaza siku nzima. Mapadre wamepita, wameomba, wameondoka. Mimi nawaza.

Robhi angefanya hivyo kwangu? Alishafanya. Mbele ya wanaume wote. Nikimtaja, ni haki yake. Na siku zake ni zilezile za mwisho wa mwezi, najua hata kanga anayoivaa.

Ana watoto wanne. Hilo si shida yangu.

Lakini nimekumbuka ile chupa. Nimeutazama mkono wangu, mahali sindano ilipoingia, pamebaki alama nyeusi. Nikaanza kucheka huku nimelishikilia tumbo. Limeuma vibaya. Sikuacha.


Jumatatu, 18 Machi

Nimeruhusiwa. Bi Zaituni alikuwa ananikunjia vitenge Marwa alipofika. Alisimama miguuni pa kitanda, anatabasamu.

Nikamwambia, "Marwa, kazi naitaka. Ila kuna kitu hukijui. Niliwekewa damu."

"Najua, mama. Pole."

"Ni ya Robhi."

Tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yakaondoka.

Nikaendelea. Nikamwambia damu ile haikutolewa pamoja na kizazi, iko mwilini mpaka kwenye vidole. Kama damu ya Robhi inafukuza dhahabu, mimi nitaifukuza kila siku ya mwezi, maana mimi siendi wala sirudi, nimekaa pale pale kwenye kamba yako.

Akasema atatafuta mwingine.

Hapo ndipo hasira zote za majuma haya zikapanda. Nikamwuliza, "Na wewe kifusi kilipokuangukia, si uliletwa hapa ukiwa huna damu? Uliwekewa ya nani?"

Akasema hajui. Ya hospitali.

"Ya mwanaume?"

Nikamwita sista mnene, nikamwuliza kwa sauti, wodi yote isikie, ni watu gani wanaotoa damu hapa. Akasema kila mtu, mwaka ule mguu wa huyu ulipovunjika wanafunzi wa sekondari ya wasichana walijitolea nyingi sana, Mungu awabariki.

Bi Zaituni akageukia ukutani na kitenge chake mdomoni.

Marwa alishika kofia kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Mimi nashuka shimoni kila siku."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana dhahabu hamna."

Ameondoka bila kuaga. Soda moja ilikuwa bado haijafunguliwa. Nimeinywa.

Kazi ya kivulini imekwenda. Nimeikata kwa mdomo wangu mwenyewe. Njiani kwenye bajaji kila shimo la barabara limenikumbusha.


Jumapili, 24 Machi

Turwa, chumbani. Natembea mpaka mlangoni nikiwa nimejikunja kama herufi C. Mshono unawasha. Nanuna. Bi Zaituni ananiletea mtori, namjibu vibaya, kesho analeta tena. Huyu naye ni mtu wa aina yake.

Neema amepiga simu. Nimemwambia nina malaria.

Jiwe linanikera kichwani kuliko tumbo. Nalala nikiliona, lile lenye bonde katikati, bonde nililolichimba mimi kwa nyundo yangu. Mtu mwingine anapondea kwenye bonde langu.


Jumatatu, 1 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Robhi amekuja. Hajabisha hodi, kasukuma mlango. Ndizi za kupika kichwani, kazitupa kitandani karibu na tumbo langu.

"Umemwambia nini Marwa?"

"Kwa nini?"

"Siku hizi hasemi. Mwanamke akija amefunga kanga mbili, anapita upande wa pili. Jana mwenzetu Ghati kaenda kuchota maji mpaka karibu na kamba, hakufukuzwa. Na yeye mwenyewe hashuki, anawatuma vijana. Vijana wanasema ameenda kwa mganga Sirari kuuliza juu ya damu."

Nikamweleza. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Kwa hiyo ulisema damu yangu iko kwenye vidole vyako."

"Nilisema."

"Nilikukataza kusema nimekupa."

Akasimama, amekasirika kweli. Mlangoni akageuka. "Jiwe lako nalikalia mimi. Langu nimempa Ghati. Lako lina bonde zuri. Usifikiri nakutunzia. Ukichelewa nakaa moja kwa moja."


Jumamosi, 6 Aprili

Nyuzi zimetoka. Kovu limenyooka, daktari kijana kajisifu.

Kesho asubuhi napanda basi la Mwanza, kisha Singida. Mama atanipokea, nitamwambia ukweli nikifika, si kwenye simu. Bi Zaituni amenishonea mto mdogo wa kuegemeza tumbo kwenye mashimo ya barabara.

Nyundo na ndoo nimempelekea Robhi kwa bodaboda. Hakutuma neno. Saa kumi bodaboda karudi na ndoo tupu. Nyundo ameibakiza.

Tumbo limetulia leo. Nje watoto wa Bi Zaituni wanatwanga.

Nitarudi mwezi wa saba, tukishavuna. Robhi asogee kwenye jiwe langu, nikae.