Mstari Kwenye Safu ya Baba

Dada Ajambo,

Nina hasira, na hasira hii sina wa kumpa ila wewe. Kaka Okochi ataniambia ninyamaze, mume wangu ataniambia nimshukuru Mungu, na Nafula nikimwambia atalia. Wewe ulikuwa unanisikiliza huku unapeta ulezi wako, humkatizi mtu. Basi nisikilize. Nakuandikia Kiswahili maana hizo ndizo herufi nilizofundishwa misheni ile miaka miwili. Kisamia chetu nakijua mdomoni tu, mkono wangu haukijui.

Kwanza mtoto wako ni mzima, usiogope. Amekupita urefu. Ana mwanya wako wa mbele na pua ya yule mtu. Uliniachia akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na sasa ananiita mama. Nisamehe, sikuweza kumkataza.

Amepata mchumba. Anaitwa Wanyama, wa kule Buhehe, mkulima wa pamba, kijana wa sauti ndogo. Watu wake walipokuja kuuliza, walikuja na shangazi yake, mama mmoja mwembamba mwenye jicho la kuku anayetafuta punje. Akanywa chai, akausifu ugali wa Nafula, kisha akaweka kikombe chini na kumuuliza kwa upole, "Mwanangu, watu wenu hawali nyama gani?"

Unajua ndivyo tunavyoulizana ukoo, kwa heshima, bila kumshika mtu shingo. Nafula akanitazama. Mimi nikatazama mlango. Mwanamume mmoja katika wageni akaropoka, "Wazungu wanakula kila kitu, hata nguruwe na mkia wake!" Watu wakacheka. Yule shangazi hakucheka. Akasema, "Mimi siulizi rangi. Nauliza, siku mwanetu akimpiga huyu, atakimbilia boma la nani? Nani atakuja kwetu na fimbo kutuuliza? Sisi tunaoa binti wa watu, hatuokoti kitu njiani. Mkishajua, tuiteni."

Wakaenda zao. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana.

Hatuokoti kitu njiani! Maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege, dada. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mama yule alikuwa na haki.

Lakini nani alimwacha mtoto wetu njiani? Unaikumbuka ile siku ofisini, tulipokwenda kumwandikisha. Wewe ulimbeba Nafula, mimi nilibeba nepi. Bwana Edwini Taska, mpima barabara ya Tororo, alikuja pamoja nasi mpaka pale, akabaki varandani anavuta kiko chake. Karani akauliza baba wa mtoto nani. Ukaonyesha kwa kidole. Karani akachungulia, akamwona kwa macho yake, akarudi mezani akaandika: baba hajulikani. Hajulikani! Mtu aliyejulikana mpaka na mbwa wa Busia! Mtu aliyekula samaki wako miaka mitatu, akalalia mto ulioushona wewe! Na yeye alisikia, Ajambo. Nilimwona akisikia. Aligonga kiko kwenye nguzo, majivu yakaanguka, akatangulia kwenye gari. Kisha kazi ikamhamisha, na hatukupata kwake hata herufi moja.

Baada ya wageni wale kuondoka nilirudi katika ofisi ile ile, nikaomba waliangalie tena lile neno. Karani wa sasa hata kitabu hakukifungua. "Kilichoandikwa kimeandikwa, mama."

Ndipo nikapanda lori la pamba mpaka Tororo, kwa Mwalimu Yusufu, yule mzee anayewapigia watu barua kwa taipureta kwenye baraza ya duka la fundi cherehani. Nilimbebea kifuniko cha sanduku la Edwini, lile ulilokuwa unawekea maharagwe, maana jina lake na la mji wao yamepakwa juu yake kwa rangi nyeupe. Mwalimu akalisoma, akaniambia kwamba kule Uingereza kila mtoto anayezaliwa huandikwa kitabuni, na kitabu hicho si siri. Mtu yeyote, wa popote duniani, akituma ombi na ada, wanamnakilia.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Yaani kitabu cha Wazungu kule ng'ambo kinafunguliwa kwa ajili yangu mimi, mwanamke wa Busia nisiyevaa viatu, lakini kitabu kilicho hapa hapa, chenye mtoto wangu mwenyewe ndani, kina kufuli! Nilisimama kwenye baraza ya watu nikapiga kelele mpaka fundi akasimamisha cherehani yake.

Nilipotulia nikamwambia Mwalimu andika. Uliza ukoo wa Edwini Taska unaitwaje. Uliza hawali mnyama gani. Uliza baba yake amezikwa kwenye boma gani, na sasa mkubwa wa boma ni nani, ili tumpelekee salamu. Mwalimu akavua miwani. "Mama Nafula, hawa hawana hayo." Nikamwambia, watu wazima wataishije bila mwiko? Wewe andika. Akaandika, midomo inamcheza.

Unanijua nilivyo na wasiwasi. Siku moja nilisema barua imezama baharini. Siku nyingine nilisema wamekasirika kwa lile swali la mnyama na watatuma askari. Pamba ilichumwa ikaisha, Wanyama akipita njiani anamsalimia Nafula kwa mbali kama mtu na mgonjwa wa ndui, na mtoto wako alianza kula kidogo. Alikuwa akilala na kile kifuniko chini ya kitanda. Nilikiona nikajifanya sijakiona.

Jibu likaja. Barua fupi, inasema ofisi haina habari za koo wala za vyakula. Na karatasi moja ndefu yenye safu. Mwalimu akanisomea huku anapitisha kidole. Jina la mtoto, Edwini. Jina la mama, Eleni Taska, mfuaji nguo. Mahali pa kutia sahihi pana msalaba, kwa sababu mama huyo hakujua kuandika. Na safu ya baba? Mstari. Mstari mmoja wa wino, umelazwa kama mtu aliyelala.

Nikamwambia wino uliwaishia. "Hapana, mama. Hapa hapakuandikwa mtu."

Tukaandika tena kuomba karatasi ya huyo Eleni. Nayo ikaja. Baba yake alikuwa Yona Taska, mchunga kondoo. Basi, ukoo wote tulioupata ng'ambo ya bahari ni huo: mchunga kondoo, binti yake mfuaji nguo, na mtoto wa binti aliyebeba jina la babu mzaa mama.

Sasa unaelewa hasira yangu? Alijua, Ajambo! Siku ile varandani alijua. Alikua chini ya mstari ule, aliupeleka shuleni, aliupeleka kazini, labda watoto wenzake walimcheka kwa ajili yake. Halafu akasimama na kiko chake akamwachia karani amchoree mwanawe mstari ule ule! Mtu aliyeungua mkono ndiye anayejua moto, ndiye wa kumvuta mtoto. Yeye alimsogeza jikoni. Kama yuko hai, uji umkwame. Kama amekufa na mko huko pamoja, usimpe nafasi kwenye mkeka wako.

Lakini yule Eleni ananipa huruma. Nimemfikiria sana, mikono yake kwenye maji ya sabuni, kisha anapewa kalamu mbele ya karani. Yeye pia aliulizwa baba nani. Sijui kama naye alionyesha kwa kidole.

Nikiwa kwenye lori narudi, nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona siku nyingi. Mchunga kondoo alimfunika mtoto wa binti yake kwa jina lake. Na sisi tunafanya hivyo hivyo! Mtoto asiye na boma la baba ni wa boma la babu yake mzaa mama. Tangu lini tulihitaji Ulaya kutuambia? Nafula alikuwa wa baba yetu tangu siku ya kwanza, ila kaka Okochi alisema, "Sina mpwa mwenye pua ile," na mimi nikanyamaza. Wewe ulilia, mimi nikanyamaza. Hasira yangu inafika hapo pia, dada. Haiwezi kuvuka bahari ikaniruka mimi.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda na vumbi langu mpaka kwa Okochi, nikamwekea karatasi zote mbili magotini. Akafoka, "Unaniletea karatasi za Wazungu kwenye boma la baba?" Nikamwambia, "Kaka, mtu mwenye kondoo wa kuchunga tu alimpa mtoto wa binti yake jina. Wewe mwenye ng'ombe unashindwa na mchunga kondoo?"

 Nikaziacha karatasi pale pale nikaondoka.

Asubuhi akatuma watu wamwite Nafula. Alikuwa ameshafagia kaburi la baba na lako pia. Akamwaga pombe ya busaa kaburini, akamtaja Nafula kwa jina la baba yetu, kwa sauti, majirani wakisikia. Kisha akamshika kidevu akamtazama sana. "Pua siijui ni ya nani," akasema, "lakini hili paji ni la mama yangu." Akaenda nyuma ya ghala akakaa huko peke yake.

Jumamosi wale wa Buhehe tuliwaita. Shangazi akanywa chai yake, akaweka kikombe, akauliza vile vile. Mimi nilifungua mdomo nijibu, lakini mtoto wako akanitangulia.

"Sisi hatuli nyama ya pongo," akasema. "Na mjomba Okochi ana fimbo ndefu."

Yule shangazi ndiye aliyeanza kucheka.

Basi harusi ipo. Lakini lile neno bado liko kitabuni, hajulikani, na mimi sijapoa. Nakuahidi hivi: Nafula akijaaliwa mtoto, nitakwenda naye ofisini mwenyewe, nitasimama juu ya kalamu ya karani mpaka kila safu iwe na mtu. Na karatasi ya Eleni, aliyonirudishia kaka, sitaitupa. Ipo sandukuni, chini ya kifuniko kile, kwa sababu naye ni bibi wa Nafula.

Pumzika sasa, dada. Eleni alitia msalaba kwa kuwa hawakumfundisha. Mimi walinifundisha kidogo, kwa hiyo naandika lote, nisiache mahali pa mstari.

Taaka, binti Ouma wa Busia, mdogo wako, mama wa Nafula.