Miaka Tisa ya Kuruka Kamba

Mpendwa Bi Mardhiya,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia wewe, wasomaji wako wote wa Unguja na Pemba, na yeyote atakayefungiwa maandazi kwa gazeti hili, kwamba kuanzia mwezi huu nimeacha rasmi kuruka kamba. Uamuzi huu nimeufikia baada ya kutafakari kwa kina. Nina miaka hamsini na tatu, nina kitambi, goti la kushoto linalia kama bawaba, na kamba yenyewe sijapata kuishika tangu nizaliwe. Lakini nimeiruka miaka tisa, kwa maandishi, na yupo mtu mmoja duniani anayeamini kwamba nafika mia moja na kumi bila kukosea.

Naomba nikueleze, unisaidie, maana siku zimebaki chache.

Mimi ni fundi wa mafriji, karakana yangu iko Mlandege na nyumbani ni Kikwajuni. Mke wangu alifariki miaka tisa iliyopita akaniachia binti wa miaka sita, ambaye hapa nitamwita Yustina, si jina lake, ingawa najua nabadilisha bure, mtaa mzima watatujua kwa hayo mafriji. Mwaka ule ule kanisa letu likafungua kituo cha watoto wa nyumba zenye shida, na kila mtoto akapewa mfadhili wa ng'ambo, Mkristo mwenzetu, wa kumsaidia sare na madaftari na dawa akiugua, na juu ya hayo yote kumwandikia barua, na mtoto naye ajibu. Wetu akawa Bi Ragnhild, mama mmoja wa nchi ya theluji, jina ambalo nimeliandika miaka tisa na sijapata kulitamka, mdomo haujui uanzie wapi.

Siku za barua Yustina alikuwa akilia, akifika kwenye "mama yangu anaitwa" analia mpaka benchi zima linalia naye, hata Mwalimu Dorkasi wa kituo akachoka, akanipa fomu ya barua niende nayo nyumbani, akasema, "Msaidie mtoto, Baba Yustina." Nikamsaidia. Yeye akachora ua pembeni, mimi nikaandika, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko uwe wa mtoto, na mwaka wa pili nikaunyoosha kidogo, mwaka wa nne nikahamia mkono wa kulia, na Yustina alipotimiza miaka kumi na miwili nikaanza kuzitia herufi mikia, maana nimechunguza wasichana wa umri ule huzitia mikia. Bi Ragnhild aliyasifu sana maendeleo yangu.

Mwanzoni niliandika yale yanayoandikwa, napenda wali, napenda kuruka kamba, shuleni nimekuwa wa saba. Kisha katika barua yake ya tatu akauliza swali moja, Bi Mardhiya, na hilo ndilo lililoniharibu. Aliuliza, "Leo umeona nini?" Basi. Sasa mimi watu huniuliza friji limepona, huniuliza gesi ipo, huniuliza utakuja lini maana samaki wananuka, lakini niliyoyaona hakuna aliyepata kuniuliza tangu mke wangu aondoke, na kumbe nilikuwa nimeona mengi. Nikamwandikia habari za paka aliyelala kwenye mizani ya muuza ngisi sokoni Darajani na wateja watatu wamesimama hawathubutu kumwamsha. Nikamwandikia mvua ilivyoingia Mlandege na wenye maduka wakapandisha bidhaa juu ya viti na wao wenyewe wakapanda juu ya bidhaa. Fomu ikawa hainitoshi, nikawa nabandika karatasi chini kwa gundi.

Naye akanijibu, yaani akamjibu Yustina, kwamba kwake jua limezama saa tisa mchana, kwamba mbwa wake amezeeka na haoni, kwamba hula peke yake na hufungua redio apate sauti ya mtu mezani. Picha ametuma moja tu kwa miaka yote. Mbwa ameonekana vizuri. Yeye ni kiwiko.

Barua huchukua miezi mitatu kwenda na mitatu kurudi, kwa hiyo hilo la umeona nini leo jibu lake humfikia nusu mwaka baadaye, lakini mimi nikizunguka mjini huwa naweka akiba, nikiona kitu nasema hiki cha Bi Ragnhild, na siku hiyo inakuwa imepata mahali pa kwenda. Sijui kama nimeeleweka.

Nikamwandikia na mambo ya marehemu. Nilimwita "mama", lakini niliyaandika kama yalivyo, namna alivyokuwa akicheka kabla hajakimaliza kisa chake mwenyewe, namna alivyoimba sauti ya pili ya kwaya hata akiwa peke yake anafua, sauti ya kwanza hakuna, anaisubiri tu, na namna alivyonikataa mara mbili kabla ya kunikubali. Mtoto asingeyajua hayo ya kukataliwa, lakini Bi Ragnhild hakuhoji. Na siku moja nikaandika, Mungu anisamehe, "Baba yangu hana mtu wa kuzungumza naye. Jioni hukaa barazani akajifanya anasikiliza redio." Baada ya miezi sita likaja jibu, "Mwambie baba yako kwamba na mimi hufanya hivyo." Siku ile nilifunga kompresa ya friji la watu nikasahau kutia gesi.

Jirani yangu wa karakana, Hamid, anayeuza makava ya simu, alinikuta mwaka jana nimeinamia fomu.

"Fundi, ulimi umekutoka nje. Unaandika nini?"

"Namjibu mfadhili."

"Kwani wewe una miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

Akanitazama kutoka upara hadi kandambili. "Basi bibie, ukishamaliza kuandika, friji la Bi Ulfat linavuja." Mpaka leo akipita huniuliza kama nshavunja ungo.

Haya, kilichonileta kwako ni hiki. Wiki iliyopita Yustina, ambaye sasa yuko kidato cha tatu na amekuwa mrefu kunipita, alirudi kutoka kituoni akasimama mlangoni.

"Baba, barua ya safari hii naandika mwenyewe."

"Una mtihani."

"Mtihani nshamaliza. Nipe barua zake zote nizisome, nijue tumefikia wapi."

"Sizo nilizokuwa nakusomea?"

"Ulikuwa ukinisomea mbwa na theluji. Bahasha inakuja nene, unanisomea dakika mbili. Ziko wapi?"

"Kwenye friji."

"Friji gani?"

"Lile bovu, karakana."

"Baba, yote mabovu."

Nikamwambia nitazitafuta. Kuzitafuta ni neno tu, ziko rafu ya pili, zimepangwa kwa tarehe, ndipo mahali pekee ambapo panya hawajaingia. Siku ya barua ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Nimewaza nizichome niseme ni panya. Nimewaza nizipunguze, nimwachie za mbwa. Nimewaza nimwandikie Bi Ragnhild kwa siri, kwa jina langu, nimwambie mimi ndiye, lakini anwani yake huifutwa kwa wino mweusi na ofisi inayotutafsiria barua, nami nimeziinua bahasha zote kwenye taa, na kwa miaka tisa nimepata herufi tatu.

Sisemi nampenda. Mtu huwezi kupenda kiwiko. Nasema tu kwamba Yustina akianza kuandika mwenyewe, yule mama hatapungukiwa na kitu, atakuwa na mtoto wake aliyemtaka tangu mwanzo, tena wa kweli, na mimi nitabaki nayaona mambo mjini bila wa kumwambia. Nifanye nini nisimpoteze?

Ni mimi,
Aliyeacha Kamba, Kikwajuni


MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Uliyeacha Kamba,

Pole kwa goti. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mara ya pili sikucheka, maana na mimi ni mjane, na swali lile la umeona nini leo nalijua uzito wake.

Sasa nisikilize, na usinune.

Umeniuliza namna ya kutompoteza Bi Ragnhild. Namna ya kutompoteza Yustina hukuniuliza, na yeye ndiye mnayelala nyumba moja. Hebu niambie, huyo mtoto anajua nini juu ya mama yake? Mwanamke mwenye mbwa, huko jua linakozama mchana, anajua kwamba marehemu alicheka kabla ya kisa kwisha na kwamba alikukataa mara mbili. Bintiye hajui. Ulikuwa nayo yote mdomoni, mtoto yuko chumba cha pili, ukayatia bahasha ukayapeleka ng'ambo. Halafu majibu yake ukayafungia kwenye friji. Nisamehe, lakini hapo nilitaka nikupige kanga.

Najua kwa nini. Kumwambia mtoto anayelia ni kazi, kumwandikia mtu usiyemwona ni rahisi. Ukaogopa atalia tena. Alikuwa na miaka sita, kaka yangu. Sasa amekupita urefu.

Na yule mama naye umemkosea, tuseme wazi. Alikaa mezani kwake akidhani anamfariji mtoto aliyefiwa, kumbe alikuwa akimfariji fundi. Huenda asingekataa. Lakini hakuulizwa. Na usiniambie hukuwaza zaidi ya hapo. Mtu anayeziinua bahasha kwenye taa miaka tisa amewaza.

Basi usichome kitu, wala usipunguze hata karatasi moja. Jumapili hii mkitoka kanisani, kabla hamjala, mchukue Yustina mwende Mlandege, maduka yamepoa na huyo Hamid huenda hayupo. Fungua hilo friji umpe zote. Zote, hata ile ya redio. Kisha ukae hapo hapo, usinyanyuke kwenda kutafuta bisibisi. Atakucheka kwanza, hilo la mikia ya herufi atakucheka mpaka uzeeni. Halafu atafika penye mama yake, na hapo usimkatize. Akikuuliza, mjibu kwa mdomo, alivyoimba, alivyofua, alivyokukataa na alikuwa amevaa nini siku hiyo. Akikukasirikia, ana haki. Akinyamaza siku mbili tatu, mpikie, mwache.

Jumatatu mwende nyote wawili kwa Mwalimu Dorkasi mkamweleze. Yeye ndiye aliyekupa fomu, naye itabidi ajibu la kwake. Yeye atajua namna ya kumfikishia mfadhili ukweli kwa heshima. Unaogopa Bi Ragnhild ataudhika aondoke? Anaweza. Mimi simjui. Lakini mtoto atakuwa amesimama mahali pa kweli, na jina lililoandikwa juu ya bahasha litakuwa na mwenyewe.

Jumamosi Yustina aandike yake. Akiandika mimi mzima, tumekula wali, mtihani ulikuwa mgumu, basi hiyo ndiyo barua. Usimsahihishe, usimwongezee paka.

Umebaki wewe. Jioni zako siwezi kuzitibu kwa safu ya gazeti. Naweza kukwambia tu uanze kumwuliza Yustina yeye ameona nini. Atasema hakuna kitu, wote husema hivyo. Mwulize kesho yake. Na hilo baraza unalokaa ukijifanya unasikiliza redio, jirani zako wa Kikwajuni hupita hapo kila siku, na hakuna atakayesimama kuzungumza na mtu aliyejishughulisha na taarifa ya habari. Izime.

Lipo la mwisho, la kumwandikia Bi Ragnhild kwa jina lako mwenyewe. Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, kwa hiyo juzi nilikwenda kwenye kituo kimoja cha kanisa hapa mjini, nikavua viatu mlangoni kwa mazoea, akinamama wa pale wakanicheka, tukacheka wote, wakanipa na chai. Nikauliza. Barua za siri kwa wafadhili haziruhusiwi kabisa, na wana sababu nzuri, kwa hiyo hizo herufi zako tatu zisahau. Lakini nikaomba niione fomu tupu, wakanipa. Chini kabisa ya ukurasa wa pili, pale ambapo wewe ulikuwa ukipaka gundi, pamechapwa maneno "Neno la mzazi au mlezi". Hapo unaandika wewe, kwa mwandiko wako, kwa jina lako, na linafika. Limekuwapo miaka yote tisa.

Ni mstari mmoja. Niliupima kwa rula: sentimita kumi na moja.