Medali Alizoyeyusha Kaka Saidi

Baba,

Medali zako hazipo tena. Nimeanza na hilo makusudi, maana nikianza na salamu nitazunguka weee mpaka karatasi iishe. Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha Unguja, ulichotulazimisha kukisema nyumbani mpaka majirani wa Mutsamudu wakatuita wageni.

Nashukuru hukuyaona haya. Hatujamaliza hata mwaka tangu tukuzike, serikali ya vijana ikapiga marufuku harusi kubwa. Hakuna harusi, hakuna bangili. Na bila bangili sonara atakula nini? Kaka Saidi akawa anashinda mbele ya jiko lako lililopoa, anasikiliza maneno ya barazani. Fulani wamemchukulia majoho yake. Ofisini wamechoma makaratasi ya wakoloni. Na medali zako, Baba, nyingi zilikuwa na taji la mfalme wa Waingereza mgongoni.

Siku moja akaambiwa vijana wa kamati ya serikali watapita kwetu kesho yake. Asubuhi niko uani napara samaki, nikasikia mivukuto inapumua. Nilifurahi, wallahi! Nikajua tumepata kazi. Nilipoingia alikuwa amemaliza. Zote, Baba. Vijana wa kwetu waliokwenda Unguja kutafuta maisha, wakacheza mpira pekupeku kabla ya vita vile vya kwanza, wakavikwa fedha yenye majina yao, wote wamekuwa bonge moja.

Nilimkumbuka yule bibi aliyekuletea medali ya marehemu mumewe umfulie bangili ya binti yake. Uliipima, ukamfulia kwa fedha yako mwenyewe ya uzito uleule, medali ukaifunga kitambaani. Mama akapiga kelele kwamba utatuua kwa njaa. Ukamjibu, "Bangili nitafua nyingine. Huyu bwana nitamfua wapi?" Kisha ukanikalisha ukanisomea jina lake, ukanisimulia na bao lake, utadhani ulikuwepo, na wakati ule hujazaliwa! Nilikuwa nacheka. Siku hizi nalia tu.

Vijana walikuja alasiri. Aliyewaongoza ni Bakari, mjukuu wa Mzee Kombo wa mtaa wa Hombo. Akavua viatu mlangoni.

"Dada Zaina, samahani. Babu alituambia medali yake iko kwa fundi. Naomba niione tu, niwaonyeshe wenzangu."

Saidi akageukia ukutani. Mimi ndiye niliyemletea lile bonge. Alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akaligeuza tena. Akaniuliza, "Babu yuko upande gani?"

 

Sasa serikali ile nayo imeanguka, na kila mtu anatafuta wa kumlipizia kisasi. Nimerudi Moroni kwa mume wangu. Bakari amefungwa hapahapa, na miongoni mwa makosa wanayombandika ni kuharibu medali za fundi wa Mutsamudu. Watu wote wanaamini. Saidi anajua, na amenyamaza. Amenitumia mtu aniambie na mimi ninyamaze, nisije nikalitia aibu jina lako. Jina lako, Baba! Namtukana peke yangu. Halafu nakumbuka ni kaka yangu, na kwamba aliogopa, na mimi pia niliogopa, nani hakuogopa?

Majina ya wale wachezaji yananitoka. Nikilala nayo naamka yamepungua, na hakuna wa kumuuliza. Wewe ndiye uliyekuwa wa kuulizwa. Maji yakimwagika hayazoleki, sijidanganyi. Kuna siku sioni hata sababu ya kuwasha moto wa chai.

Lakini Bakari bado yu hai. Kesho nitajifunika shiromani yangu niende kwa hao waliomfunga, niwaambie si yeye. Ni mtu wa nyumbani kwetu, kwa mikono uliyoifundisha wewe. Huenda Saidi asije hata kunizika. Huenda wewe mwenyewe, ungekuwepo, ungenishika mkono unizuie. Hilo sijui, na linaniuma kuliko yote.

Mungu akurehemu, Baba yangu. Nakuahidi nitakwenda, na wakiniuliza ni nani, nitamtaja kaka yangu.

Mwanao,
Zaina