Wakwe Wamenionaje?

Jumapili, 17 Aprili 1983

Leo wamekuja kumposa Mwaisha wangu! Binti mwalimu, jamani. Mlali nzima nani kazaa mtoto kama huyo? Nikasema wakwe wakiniona mara ya kwanza, wanione mtu. Sukari nimeazima nyumba tatu, bakuli likajaa pomoni. Sabuni ya kunukia kwenye maji ya kunawa. Doti mpya mwilini. Na kusema, nimesema! Baba wa kijana, Mzee Stambuli, katibu wa tawi la chama, macho kwenye bakuli tu. Chai hakumaliza. Wameondoka bila kutaja siku ya kurudi. Sielewi.

Jumatatu, 18 Aprili

Mwaisha karudi analia. Mchumba wake, Mikidadi, kamwambia baba anauliza — watu tunapanga foleni, yule mama sukari yote ile kaitoa wapi? Mlanguzi! Mimi! Na wakati huu walanguzi wanakamatwa! Mwaisha anasema, "Na wewe mama ulijisifu mno." Sikujisifu. Nilimsifu yeye.

Jumamosi, 23 Aprili

Wamekuja wanawake, mama Mikidadi na wifi yake. Nikajirekebisha. Kanga ya shambani. Chai kavu, sukari hata chembe. Wifi mtu kauliza, binti anajua kupika? Nikasema, "Kidogo." Ulimi uliniwasha! Nawasindikiza, namsikia wifi anamnong'oneza mwenzake: huyu mama hataki undugu na sisi, hata sukari katunyima, na juzi ilikuwapo. — Haki ya Mungu! Nikijikweza balaa, nikijishusha balaa. Sasa mtu akae vipi?

Jumanne, 26 Aprili

Mama Mikidadi yuko uani! Peke yake, asubuhi hii, hodi moja tu. Kanikuta natwanga, kichwa wazi, pumba mpaka kwenye nyusi. Nikasema, "Karibu mkwe, ngoja nijiweke sawa." Nikakimbilia ndani. Naandika haraka, akili haitulii. Doti mpya iko kitandani. Nivae? Nikiivaa atasema najidai. Nisipovaa atasema simheshimu. Nimwambie ile sukari ilikuwa ya majirani? Ataniona fukara, au muongo?

Nje mchi unalia. Anatwanga yeye! Mgeni! Anaita, "Mama Mwaisha wee, mchi wa pili uko wapi? Au unataka niyamalize mahindi yako peke yangu?"

Anacheka. Anacheka nini? Kanga ya kichwa siioni —